Divai yenye Ladha ya Moshi: Somo kutoka Nsemulwa

Somo la kujifunzia katika vikundi. Neno la kusoma: Yohane 2:1–11



Katika toleo hili tunaleta somo ambalo halikutoka kwenye semina wala kwenye kitabu cha mafunzo. Limetoka katika nyumba ya familia moja ya Nsemulwa, hapa Mpanda mjini, ambayo imekuwa ikitengeneza divai kidogo kidogo kwa choya na asali. Familia imekubali tulieleze jambo hili kwa faida ya wengine, ila imeomba majina yasitajwe. Naomba kikundi chenu kisome habari hii polepole, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Jinsi ilivyotokea

Mwezi Novemba mwaka jana nilikuwa nikitembelea wanavikundi wa usindikaji katika kata za mjini. Nilipofika kwa familia hiyo, Mama mwenye nyumba alinikaribisha vizuri kama kawaida, lakini uso wake haukuwa wa kawaida. Baada ya salamu na maji ya kunywa alinipeleka kwenye chumba cha nyuma. Palikuwa na chupa 48 zimepangwa ukutani, rangi yake nyekundu nzuri ya choya, zimefungwa vizuri.

Akasema, "Mratibu, hizi zote zimeharibika. Mwenye duka aliyeniahidi kuzichukua kwa ajili ya Krismasi ameonja akazirudisha. Anasema zimeungua."

Chupa hizo zilikuwa ndizo tegemeo la kumpeleka binti yao Kidato cha Kwanza mwezi Januari, shule ya bweni. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada ya shule za sekondari za serikali iliondolewa kwa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, lakini mzazi yeyote anajua kwamba godoro, sanduku, sare na nauli havikuondolewa. Baba wa nyumba hiyo alikuwa amekwisha kutoa ushauri wake: kuongeza sukari nyingi na viungo ili kuficha ladha, au kuuza yote kwa bei ya chini kwenye kilabu cha pombe.

Mimi si mnywaji. Niliomba kijiko nikaonja kiasi cha kijiko kimoja. Nilitegemea uchachu wa choya, nao ulikuwepo. Lakini nyuma yake ikaja ladha nyingine ambayo sikuitegemea kabisa: moshi. Si moshi wa kitu kilichoungua. Ulikuwa moshi wa kuni kavu, kama ule unaosikika kwenye kibuyu cha maziwa au kwenye migebuka ya kukaushwa inayoletwa kutoka Karema. Ndugu msomaji, haikuwa mbaya. Ilikuwa ngeni tu.

Nilivyokosea

Kwa kuwa mimi ndiye mtaalamu, nilitoa jibu haraka. Nikamwambia Mama kwamba choya ilishika chini ya sufuria wakati wa kuchemsha. Akakataa kwa heshima. Alisema hakuichemsha choya; aliiloweka katika maji ya moto yaliyoepuliwa, kama tulivyomfundisha. Nikasema basi ndoo ilikuwa imehifadhiwa jikoni karibu na mafiga. Akanionyesha ndoo zake. Zilikuwa chumbani siku zote, zimefunikwa.

Baba mkwe wake, mzee wa Kikonongo aliyerina asali tangu ujana wake katika misitu ya upande wa Inyonga, alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango akitusikiliza. Hakuna aliyemwuliza kitu. Nilipokwama ndipo nilipotoka nikamwamkia tena na kumwuliza, "Shikamoo babu, wewe unaonaje?"

Akajibu, "Marahaba. Huo ni moshi wa asali. Mwaka huu kijana aliyerina alitumia mwenge wa nyasi na magome mabichi, akakaa muda mrefu mzingani. Nilimwambia. Mliponunua mlionja utamu tu."

Tulihakikisha kwa njia rahisi ambayo kikundi chochote kinaweza kuifanya. Mama alikuwa amebakiza asali kidogo ya ndoo ile ile. Tuliweka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Kwenye glasi ya pili tuliweka kijiko cha asali ya jirani, iliyorinwa kwenye mzinga wa kisasa kwa kutumia bomba la moshi. Tulifunika glasi kwa dakika chache, kisha kila mmoja akanusa. Glasi ya kwanza ilikuwa na moshi waziwazi. Ya pili haikuwa nao. Mzee alikuwa amesema kweli.

Kwa nini moshi haukujulikana mapema?

Asali karibu asilimia 80 ni sukari. Utamu huo mkubwa hufunika harufu nyingine, hasa ukionja kwa haraka sokoni. Divai inapotengenezwa, hamira hula sukari na kuigeuza kuwa kileo na hewa ya ukaa. Sukari ikiisha, kile kilichokuwa kimefichwa hubaki peke yake.

Jambo hili si la Mpanda tu. Mwaka 2003 moto mkubwa wa misitu uliwaka kusini-mashariki mwa Australia, na mwaka 2020 ukawaka huko California, Marekani. Mashamba ya mizabibu yaliyofunikwa na moshi yalitoa zabibu ambazo kwa kuonja zilionekana salama, lakini divai yake ikatoka na ladha ya moshi na majivu. Wataalamu wamegundua kwamba chembe za moshi hujishikiza kwenye sukari ya tunda na kufunguka wakati wa kuchachuka. Wakulima wengi walipata hasara. Kwa upande mwingine, wako wanaotafuta moshi kwa makusudi: katika kisiwa cha Islay, huko Scotland, shayiri ya kutengenezea wiski hukaushwa kwa moshi wa mboji kavu ya ardhini, na wateja hulipa kwa ajili ya ladha hiyo. Kitu kimoja kinaweza kuwa kasoro mahali fulani na sifa mahali pengine. Tofauti ni kama mtengenezaji anajua alichokifanya na anakisema wazi.

Njia waliyotumia

Vikundi vingi vimetuuliza kuhusu njia yenyewe, kwa hiyo tunaieleza kwa kifupi. Hii ni elimu ya kuelewa kazi, si ruhusa ya kuanza kuuza. Habari ya sheria iko mbele.

1. Choya kavu, safi, isiyo na ukungu, hulowekwa katika maji ya moto, kisha huchujwa kwa kitambaa safi. Usitumie ndoo ya bati. Choya ina uchachu mkali unaoweza kula madini ya bati na kuyaingiza kwenye kinywaji. Tumia ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula, au chombo cha chuma kisichoshika kutu.

2. Asali huongezwa wakati maji yamepoa hadi vuguvugu. Familia hii ilitumia kilo 10 za asali kupata lita 40 za mchanganyiko. Hiyo ni karibu gramu 200 za sukari kwa kila lita. Kwa kawaida gramu 17 hivi za sukari katika lita moja huzaa kileo cha asilimia 1, kwa hiyo divai hii ikimaliza kuchachuka hufika karibu asilimia 12. Hicho si kinywaji laini. Ni nguvu sawa na divai ya zabibu.

3. Hamira ya divai huongezwa, si hamira ya mkate. Asali ina sukari nyingi lakini ina upungufu wa vyakula vingine vinavyohitajiwa na hamira, hivyo divai ya asali huchelewa. Uvumilivu unatakiwa.

4. Chombo hufunikwa na kuwekwa mrija ambao ncha yake imezama kwenye chupa ya maji. Hewa ya ukaa hutoka, hewa ya nje haiingii. Hewa ya nje ikiingia, vijidudu hugeuza kileo kuwa siki.

5. Povu likiisha na mapovu kwenye maji yakikoma, divai huhamishwa kwa mrija ili mashapo yabaki chini. Kati ya lita 40 familia ilipata lita 36 safi, yaani chupa 48 za mililita 750.

6. Usijaze chupa kabla sukari haijaisha. Kuchachuka kukiendelea ndani ya chupa iliyofungwa, chupa hupasuka na inaweza kumjeruhi mtu.

Wako wanaouliza kama hii si sawa na gongo. Si sawa. Gongo hupikwa kwa kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, na wengi wamepofuka au kufa kwa sababu ya sumu zilizokusanywa au kuchanganywa humo. Mtu yeyote asijaribu kuchemsha divai yake kwa namna hiyo. Wala divai ya matunda si jambo geni nchini. Dodoma ilianza kulimwa zabibu na wamisionari wa Kikatoliki pale Bihawana katika miaka ya 1950. Arusha kuna kiwanda cha divai ya ndizi kilichoanza katika miaka ya 1990 kikiwa kidogo. Na sisi wa mikoa ya Tabora na Katavi tuna wanzuki, pombe ya asali ambayo wazee waliijua kabla ya chupa kufika.

Jambo gumu: kuuza au kutouza

Baada ya kujua chanzo cha moshi, Mama alifurahi. Akasema, "Mbona migebuka ya moshi tunaipenda? Nitawaambia watu ukweli kwamba ni divai ya moshi, atakayeipenda atanunua." Nilimpongeza kwa kukataa kuficha kwa sukari na viungo. Neno la Mungu katika Mithali 11:1 linasema wazi jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya udanganyifu, na kuficha kasoro kwenye chupa ni mizani ya namna hiyo.

Lakini nililazimika kumwambia jambo lingine, na sikufurahi kulisema. Chupa zile hazikuwa na alama ya ubora wala leseni. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula na vinywaji umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mwaka huo huo Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kutumia stempu za kielektroniki kwenye bidhaa zinazotozwa ushuru, divai ikiwemo. Anayeuza kileo lazima pia awe na leseni ya vileo, na hairuhusiwi kumwuzia mtoto aliye chini ya miaka 18. Mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, ambalo humpa mafunzo na kumtambulisha TBS. Lakini njia hiyo haimalizwi kwa wiki sita zilizokuwa zimebaki kabla ya shule.

Mama alikaa kimya. Kisha akaniuliza swali ambalo bado ninalo moyoni: "Mlipotufundisha kutengeneza, kwa nini hamkutufundisha na haya?"

Sikuwa na jibu zuri. Mafunzo aliyopata yalikuwa ya jumla, ya kukausha choya, kutengeneza juisi na jemu, na mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi Dodoma aliongeza saa mbili za divai kwa sababu washiriki waliomba. Tulihesabu washiriki, tukaandika ripoti, tukaondoka. Hatukurudi kuuliza nani ameanza kufanya nini.

Familia haikuuza chupa hata moja Krismasi ile. Waliuza asali nyingine na choya kavu, wakapata sehemu ya mahitaji. Godoro walinunua. Sanduku liliazimwa kwa jirani, na akina mama wa usharika walichangia nauli. Binti aliripoti shuleni akiwa amechelewa siku nne. Naliandika hili ili msomaji asifikiri kwamba kila hadithi ya mradi huisha kwa ushindi. Ushauri niliotoa ulikuwa sahihi, nao uliwagharimu.

Chupa zipo bado. Mwezi Mei nilionja tena kijiko kimoja. Moshi umetulia, umeungana na uchachu wa choya. Familia imekwisha kwenda SIDO na safari ya usajili imeanza. Asali ya mwaka huu wanairina kwa bomba la moshi, isipokuwa ndoo moja ambayo mzee ameomba irinwe kwa mwenge, yeye akiwepo, ili wajue kiasi cha moshi kinachofaa. Sharti lake ni moja: asali hiyo isitoke kwenye mzinga wa magome. Mti wa mwombo ukichunwa gome lake pande zote hufa, naye amesema ameona miti mingi ikifa kwa mkono wake mwenyewe. Na mwenge uzimwe kabisa kabla ya kuondoka msituni.

Je, kanisa linahusika vipi?

Jambo hili lilipofika kwenye kikao cha wazee wa usharika, mjadala ulikuwa mkali. Mzee mmoja alisema kanisa lisisogelee kileo hata kidogo, kwa maana anajua nyumba zilizobomoka. Ana haki. Sote tunakumbuka jinsi pombe za viroba zilivyowaharibu vijana mpaka serikali ilipozipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Mzee mwingine aliuliza kama divai hii ingeweza kutumika kwenye Chakula cha Bwana. Mchungaji alijibu kwamba divai ya mezani ni tunda la mzabibu, na choya haina nafasi hapo.

Mwishowe kikao kilikubaliana mambo mawili. Kwanza, usharika hautakuwa na mradi wa divai. Kazi ya vikundi vyetu itabaki asali, choya kavu, juisi na jemu. Pili, familia hii haitatengwa wala kusemwa vibaya, kwa kuwa inafanya kazi kwa uwazi na inafuata sheria. Wako wasioridhika na uamuzi huo kwa pande zote mbili. Warumi 14 inatukumbusha kwamba uhuru wa mmoja usiwe kikwazo kwa ndugu yake, na pia kwamba tusihukumiane. Yote mawili yamo katika sura moja.

Tunajifunza nini?

Tusome tena habari ya arusi ya Kana. Mkuu wa meza, ambaye kazi yake ilikuwa kuonja, aliionja divai na kuisifu, lakini hakujua ilikotoka. Yohane anatuambia waliojua ni watumishi walioteka maji. Nilisoma habari hii mara nyingi nikitazama muujiza, wala sikuwaangalia wale watumishi. Nsemulwa ilinifanya niwaangalie. Mimi nilikuwa na kijiko na shahada. Aliyejua divai ilikotoka alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango.

Basi tuyashike haya:

Kwanza, tukikuta kitu tusichokitegemea, tusikimbilie kukiita kimeharibika. Tuulize kwanza kimetoka wapi.

Pili, tujaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Glasi mbili za maji zilitosha kumaliza ubishi.

Tatu, ukweli juu ya bidhaa ni sehemu ya ushuhuda wetu. Usifunike kwa sukari.

Nne, mafunzo bila ufuatiliaji huwaacha watu katikati ya njia. Mradi unaofundisha kutengeneza lazima ufundishe pia sheria, leseni na soko, au uache kabisa.

Tano, wazee wetu si washiriki wa kujaza orodha. Waulizwe mapema.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua jambo ambalo hatujawahi kumwuliza?

2. Kama ungekuwa Mama wa familia hii, na shule inafunguliwa baada ya wiki sita, ungefanya nini na chupa 48? Jibuni kwa kweli, si kwa kupendezesha.

3. Someni Mithali 23:29–35 na Warumi 14. Usharika wenu ungeamua nini kuhusu familia inayotengeneza divai? Ni kwa sababu gani?

4. Taja bidhaa moja mnayotengeneza. Je, kila mwanakikundi anajua hatua za kuisajili? Kama sivyo, nani atakwenda SIDO, na lini?

5. Mizinga yenu ni ya aina gani? Miti mingapi imekufa kwa ajili yake?

Sala

Bwana Mungu wetu, uliyetupa msitu, nyuki na mvua, utupe masikio ya kuwasikiliza waliokaa nje ya mlango. Ubariki kazi za mikono ya familia zetu, uwalinde vijana wetu na ulevi, na utufundishe kusema kweli hata inapotugharimu. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.